Soksi Moja

Mama alishona jina langu kwenye kila nguo,
hata leso,
sindano ikienda na kurudi juma zima
jikoni kwetu Newark, redio ikinong'ona.
Mama yake Hersh Lapidus naye alishona,
kwa uzi wa bluu, herufi zimelala upande
kama zilizochoka na safari kabla haijaanza.
Basi likatumwaga Maine, wavulana themanini,
katikati ya misonobari na baridi ya alfajiri
ambayo hakuna aliyetuonya.

Kibanda namba sita. Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini;
nilizijua ndoto zake kwa mlio wa springi.
Usiku wa kwanza nililia kimyakimya,
nikidhani kimya changu ni kimya.
Ukashuka mkono gizani
umeshika nusu ya biskuti.
Hakusema neno. Nami sikusema.
Tukatafuna.

Tarumbeta saa kumi na mbili, kisha ziwa.
Maji yale yalikuwa na meno.
Mort Zelnick alipiga mbizi akaibuka bila kaptura,
tukacheka hadi mwalimu wa kuogelea nusura ameze filimbi.
Tulipiga makasia tukizunguka pale pale,
kila mmoja akimlaumu aliye mbele.
Besiboli ilinikataa, mpira wa kikapu ukanivumilia,
lakini tenisi ilinipenda,
na Hersh ilimpenda zaidi kidogo,
na hicho kidogo
nilikigusagusa kwa ulimi kiangazi kizima, kama jino bovu.

Mwisho wa Agosti kambi hugawanywa:
Kijani na Kijivu, kaka na mdogo wake, juu na chini ya kitanda kimoja.
Yeye Kijani. Mimi Kijivu.
Siku tano tulivuta kamba, tulikimbia na yai juu ya kijiko,
tulipiga kelele hadi koo zikawa msasa,
na jioni ya tano alama zikalingana,
ikabaki mechi moja.
Yetu.

Uwanja wa udongo mwekundu. Mwamuzi hapakuwa na mwamuzi;
desturi ya kambi ni kwamba kila mvulana
huamulia mpira uliotua upande wake,
na neno lake ni neno.
Seti ya mwisho. Akapiga kwa mkono wa nyuma, mrefu, wa chini,
mpira ukabusu mstari.
Niliuona ukibusu. Chokaa iliruka.
"Nje," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu, ile ile
niliyoombea chumvi mezani.
Na mguu wangu wa kulia, bila kutumwa na mtu,
ukapita juu ya alama, ukaifuta.

Hersh alisimama. Alitazama kiatu changu,
si uso, kiatu.
Kisha akaja hadi kwenye wavu, akanyoosha mkono.
Kijivu walininyanyua juujuu. Walinilisha keki ya ushindi.
Ilikuwa tamu; sitadanganya mara ya pili.

Usiku ule springi hazikulia.
Nilijua yu macho. Nikainua mkono gizani
na chokoleti yangu ya mwisho,
ukakaa hewani, mkono ule, hadi ukafa ganzi.
Kisha vidole vikaichukua.
Nikasikia ikivunjwa,
na nusu ikarudi chini.

Mwaka uliofuata hakuja. Baba yake alihamisha duka,
wengine walisema Cleveland, wengine Toronto.
Sikuwa na anwani.
Nilikuwa nayo. Sikuandika.

Sasa nina miaka sabini na minne, naondoa vitu darini,
na binti yangu, kichwa kimezama sandukuni, anauliza:
"Baba, H. Lapidus ni nani?"
Soksi moja, nyeupe ya zamani,
iliyopotelea kwenye fuo langu wiki ile ya mwisho,
uzi wa bluu, herufi zingali zimelala.
Nikaikung'uta kidogo.
Vumbi jekundu likaanguka gotini.
Binti yangu akaleta kitambaa.
Nikamwambia aache.